Mbayuwayu Mmoja, Mpwa Mmoja

Kwanza ieleweke kwamba kofia ya kuogea haikuwa yangu. Ilikuwa ya dada yangu: ya plastiki, rangi ya waridi, imezungukwa na bata wa njano, na lastiki yake ina nguvu kuliko mkanda wowote wa suruali niliowahi kuufunga. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba mpiga picha mwenye akili hana haja ya kununua koti la mvua la kamera, kofia ya kuogea inatosha. Aliyeandika hivyo hakugusia habari za bata.

Mjomba alinipitia saa kumi na moja alfajiri. Mvua ilikuwa inapiga bati kama inadai deni. Kwa akili yangu safari ilishavunjika, nikatoka na taulo begani nikitarajia aniambie turudi kulala. Nikamkuta kasimama barazani, koti limemfika magotini, shingoni ana darubini yake ya miaka nenda rudi ambayo ukanda wake ni kamba ya kiatu, na uso umemchangamka kama anakwenda harusini.

"Shikamoo mjomba. Na mvua yote hii?"

"Marahaba. Mvua hii ndiyo siku yenyewe, mjomba. Vaa."

Tunaitana hivyo, mjomba kwa mjomba. Msomaji asichanganyikiwe: mwenye akili ni yule mwingine.

Wakati nafunga viatu alinipa sababu zake. Ndege wengi wadogo wanaohama husafiri usiku. Anga ikiwa safi na upepo ukiwasukuma kutoka nyuma, wanapita juu kabisa, wala hujui kama kuna mtu kapita. Lakini wakigongana na mvua na upepo wa mbele, wanashuka popote walipo, wamechoka, wana njaa, na wanakaa hapo mpaka hali itulie. "Siku ya jua utatazama mbingu tupu mpaka shingo ikuume," alisema. "Siku kama ya leo ndege wanakufuata chini."

Vifaa vyake vilikuwa vitatu: darubini, daftari, na penseli. Penseli kwa sababu wino ukilowa hukimbia, na risasi ya penseli haijali maji. Vyangu vilikuwa kamera, lenzi ya milimita 600 ambayo bado naomba msamaha nyumbani kwa kuinunua, stendi ya miguu mitatu, betri tatu, memori kadi mbili, turubai la madoa ya kijani la kujificha chini yake, simu yenye programu ya kutambua sauti za ndege, na ile kofia. Mjomba aliitazama kamera ilivyovishwa. Akaitazama tena kwa karibu.

"Hawa wa njano," aliuliza, "nao wanahama?"

Ndani ya gari vioo viliingia ukungu kwa pumzi zetu, nikawasha kiyoyozi mpaka mwisho. Kamera nilikuwa nimeipakata, na ule upepo wa baridi uliipiga usoni saa nzima. Tulipofika bwawani nikashuka nayo moja kwa moja kwenye hewa ya vuguvugu iliyojaa unyevu, na kioo cha lenzi kikageuka cheupe palepale, kama jicho la samaki aliyepikwa.

Dawa ya jambo hili inajulikana. Unaiacha kamera ndani ya begi lililofungwa, nusu saa hivi, ipate joto la nje polepole. Mimi dawa hiyo naijua. Nimewahi kumfundisha mtu. Lakini sekunde ileile niliyokuwa natazama ukungu ule, mvua ilipungua kidogo na kundi la keremkerem likapita juu yetu likiitana, migongo ya hudhurungi, koo za manjano, matumbo ya buluu ya kijani, wanashuka na kupanda kama watoto kwenye bembea. Nani ataweka kamera begini? Nikafuta kioo kwa shati. Ukungu ukarudi. Nikafuta tena. Ukarudi na ndugu zake.

Mjomba aliwahesabu: 34. Mimi nina picha zao tisa. Ukimwonyesha mtu bila kumwambia lolote, anakuuliza moto ulianzia wapi.

Kutoka pale tulitembea juu ya tuta, kama kilomita mbili hivi, mpaka kwenye kinamasi. Begi langu lilikuwa na uzito wa mtoto wa shule aliyekataa kutembea. Nikalalamika. Sikulalamika sana, nilisema tu kwamba mabega yana mwisho wake.

Mjomba hakugeuka. "Oktoba 2022," alisema, "kuna ndege mmoja, jamaa ya sululu, alitoka Alaska akaenda kutua Tasmania. Kilomita 13,560. Siku 11, mchana na usiku, hakutua, hakula, hakunywa. Alikuwa na miezi mitano tu tangu aanguliwe. Na mwilini alifungwa kifaa cha setilaiti, ndiyo maana tunajua."

"Na hakulalamika?"

"Kifaa hakikuandika malalamiko."

Nikanyamaza kwa kilomita moja na nusu iliyobaki.

Ukingoni mwa kinamasi kulikuwa na kitwitwi. Alikuwa peke yake, anadonoa tope kwa haraka haraka, kila baada ya hatua tatu anatikisa mkia kama aliyesahau kitu na kukikumbuka. Ukungu ulikuwa umekwisha kwenye lenzi. Nikaona huu ndio wakati wa kumwonyesha mjomba kwamba teknolojia si mchezo. Nikasimika stendi, nikaielekeza pale ndege alipokuwa anarudirudi, nikaipanga kamera ipige yenyewe kila baada ya sekunde tano, kisha nikarudi nyuma na kujifunika turubai. Siri ya picha nzuri, nilimwambia mjomba kwa sauti ya chini, ni kutoisumbua kamera. Nikakaa dakika 40 bila kuisumbua.

Sasa hesabu ni hii. Sekunde tano kwa dakika 40 ni picha 480. Na stendi nilikuwa nimeisimika kwenye tope.

Mguu wa mbele ulikuwa unazama. Haukuzama kwa haraka, la, ungezama kwa haraka ningeuona. Ulizama kwa adabu, kidogo kidogo, na kwa lenzi ya milimita 600 mguu ukishuka unene wa kidole, mbele kule unakuwa unatazama mahali pengine kabisa. Picha 60 za mwanzo zina kitwitwi mzima, na nyingine ni nzuri kweli. Halafu anaanza kukosa kichwa. Halafu kifua. Kuna kama picha mia ambazo zina miguu miwili tu, inatembea peke yake. Halafu tope. Tope lile nimelipiga vizuri sana, punje kwa punje, picha zaidi ya mia mbili. Ukizipitisha zote kwa haraka unamwona kitwitwi anapaa taratibu kwenda juu, mabawa kayakunja, hana wasiwasi.

Mjomba aliziangalia kwenye kioo cha nyuma cha kamera mpaka mwisho. Alizirudia.

"Mjomba," alisema, "huyu umempiga picha akienda mbinguni."

Mvua ikaongezeka. Tukakimbilia kibanda cha mbao cha kujifichia, kile chenye dirisha jembamba la kutolea lenzi. Kabla hatujafika, kitu kikapita mbele yetu kama jiwe lililotupwa na mtu mwenye hasira, juu ya matete, na vitwitwi kumi na zaidi ambao sikujua hata kama wapo wakalipuka kutoka majanini. Nikainua kamera, nikabana kitufe, ikapiga picha ishirini na kitu kwa sekunde mbili. Nilijisikia mwanamume.

Kamera za siku hizi zina akili, zinatafuta zenyewe kitu cha kufokasi. Tatizo ni kwamba kwenye mvua kubwa vitu vya kufokasi ni vingi, na vya karibu zaidi ni matone. Kwa hiyo nina matone ya mvua ishirini na kitu, safi kabisa, mengine ndani yake unaona mawingu yamepinduka. Nyuma ya tone la saba kuna kivuli cha kahawia.

"Kozi," mjomba alisema kwa unyenyekevu, kama mtu aliyepishana na mkubwa. "Huwafuata wanaohama. Wao wanahama, yeye anahama na chakula chake." Akaandika: kozi 1, saa mbili na dakika arobaini.

Kibandani nilitoa simu, nikafungua ile programu, nikamtafuta kozi. Nilitaka kumwona alivyo, kwa kuwa wangu alikuwa nyuma ya maji. Nikasoma kidogo, nikasikiliza sauti yake mara moja kwa chinichini, nikafunga simu, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaufunga fundo, nikautia mfuko wa ndani wa koti. Naomba jambo hili likumbukwe. Ukurasa niliuacha wazi.

Bati la kibanda lilikuwa linavuja mahali pamoja tu, na mahali hapo ndipo nilipokaa. Mjomba, akiwa mkavu, alianza hadithi. Zamani, alisema, watu wa Ulaya hawakujua mbayuwayu wanakwenda wapi baridi ikianza. Asubuhi moja hawapo, basi. Mwaka 1555 Olaus Magnus, askofu mkuu kutoka Uswidi, aliandika kwamba wavuvi wa kaskazini huwavua ziwani kwa nyavu, wamekumbatiana mafungu mafungu. Na kwa karne nyingi watu wenye elimu zao waliamini kwamba mbayuwayu hujizika topeni, chini ya maji, wakalala huko mpaka joto lirudi.

"Topeni?"

"Topeni. Mpaka mwaka 1822 korongo mmoja akapigwa risasi kule Ujerumani, wakamkuta ana mkuki umepita shingoni, urefu karibu sentimita 80. Umepita shingoni na ndege yu hai, kaja nao. Wakautazama mti wake, wakaona huu umechongwa Afrika. Ndipo wakaanza kukubali kwamba ndege husafiri. Yuko mpaka leo Chuo Kikuu cha Rostock, kakaushwa, na mkuki wake."

Nilimwonea huruma yule korongo. Kusafiri mabara mawili na mkuki shingoni, unafika, unapigwa risasi na mtu anayetaka kujua ulitoka wapi.

Kufika saa nne mvua ilikuwa imebaki manyunyu, na mbayuwayu wakajaa. Wakati wa mvua wadudu hurukia chini, na mbayuwayu huwafuata hukohuko, kwa hiyo walikuwa wanapita usawa wa magoti, mamia, wanakata majani kama wembe. Pale kibandani dirisha lilikuwa linatazama upande mwingine. Nikamwambia mjomba nakwenda nje. Akasema watulie kwanza, wamechoka. Nikasema sitawagusa. Akasema, haya, lakini uangalie nyuma yako, kuna mtaro.

Aliniambia. Sitaki kumsingizia. Aliniambia kabisa.

Nikasimika stendi mahali pa wazi. Safari hii chini ya kila mguu niliweka kipande cha ubao, maana mtu hujifunza. Nikavuta turubai kichwani, nikaweka jicho kwenye kitundu cha kamera, nikatulia. Katika uwanja mzima ule wa majani mafupi hapakuwa na mti, nguzo wala waya. Kilichosimama ni stendi yangu peke yake. Ukifikiri kwa akili ya ndege aliyechoka, unajua kitakachofuata. Mimi sikufikiri kwa akili ya ndege, wala ya mtu.

Nilisikia kwanza: tik. Kisha tik-tik. Kucha juu ya plastiki. Halafu kwenye kitundu sehemu yote ya juu ikaingia giza.

Nikainua jicho taratibu. Ncha ya lenzi, juu ya bata wa tatu kutoka kushoto, alikuwa ameketi mbayuwayu.

Sijawahi kumwona ndege wa porini kwa karibu namna ile na sidhani kama nitamwona tena. Alikuwa umbali wa mkono ulionyooshwa. Mgongo wa buluu iliyoiva mpaka inakaribia weusi, na kila alipopumua ile buluu ilihama kidogo, kama mafuta juu ya maji. Koo na paji la uso vilikuwa na wekundu wa kutu. Zile nyuzi mbili za mkia zilikuwa zimelowa zikashikana, akawa anazitikisa zitengane, na hazikutengana. Kwenye ncha ya mdomo kulikuwa na tone la maji linaloning'inia. Alipogeuza kichwa likageuka naye. Ndege huyu ana uzito wa kama gramu 20, na kofia ya dada yangu haikubonyea hata kidogo. Mguu wa kulia kulikuwa na kitu kinachong'aa. Nikadhani ni tone jingine.

Akanitazama kwa jicho moja. Akafumba jicho.

Basi kazi ikaanza. La kwanza nililofanya, na naliandika hapa kwa kuwa nimeahidi kusema kweli, ni kujiambia kwamba lenzi hii haifokasi kitu kilicho karibu kuliko mita nne na nusu, kwa hiyo nirudi nyuma. Nikaishika kamera na stendi yake kwa mikono miwili, nikarudi hatua moja. Nikatazama. Bado yuko karibu. Nikarudi hatua ya pili, pole pole, nikijisifu kwa utulivu wangu. Bado yuko palepale. Ilinichukua muda kutambua kwamba ndege aliyeketi juu ya lenzi hawezi kuachwa nyuma na lenzi. Nilikuwa nimembeba, yeye naye kafurahi, kapata usafiri.

Na hatua hizo mbili, angalia, zilikuwa za kuelekea mtaroni.

Nikakumbuka simu. Nikapeleka mkono ndani ya koti kwa mwendo wa kinyonga, nikafungua zipu ya nje, zipu ya kati, kifungo, nikatoa mfuko wa plastiki, nikakuta fundo. Fundo nililifunga mwenyewe na nilikuwa na hasira na mvua nilipolifunga. Nikalifungua kwa meno. Mbayuwayu alikuwa anachambua manyoya ya bawa la kushoto.

Kidole kilikuwa kimelowa. Simu haikukitambua. Nikakifuta kwenye shati, ambalo ndilo lililofuta ukungu asubuhi, na lilikuwa limelowa kuliko kidole. Nikaandika namba ya siri, nusu ikaandikwa na mimi, nusu na manyunyu. Simu ikakataa. Nikarudia. Ikakataa. Baada ya mara kadhaa ikanijulisha, kwa lugha ya heshima, kwamba nijaribu tena baada ya sekunde 30.

Sekunde 30 ni nyingi. Nilizihesabu. Katika muda ule mbayuwayu alimaliza bawa la kushoto, akaanza la kulia, akanyoosha mguu wenye kile kitu kinachong'aa, akajikuna nao kidevu mbele ya macho yangu, polepole, kama anayeonyesha. Mimi macho yalikuwa kwenye simu.

Ikafunguka. Nikabonyeza kamera. Kamera ya simu ikanionyesha mtu mzee, kafunikwa turubai, maji yanamtiririka puani, kashika fundo la plastiki kwa meno. Nikashtuka. Nikabana. Nikambana tena yule mzee mara kadhaa nikijaribu kuigeuza kamera itazame mbele, lakini kila tone la mvua lililoangukia kioo lilikuwa na mawazo yake. Tone moja likawasha kinasa sauti. Jingine likaifunga kamera. Jingine likafungua programu ya sauti za ndege, palepale nilipokuwa nimeiacha, kwenye ukurasa wa kozi. Na jingine, kubwa, zito, nililiona linakuja, likaangukia kile kitufe cha pembetatu.

Kek-kek-kek-kek-kek!

Kumbe pale kibandani nilikuwa nimepunguza sauti kwa kuziba spika na kidole.

Fikiria wewe ni mbayuwayu. Umeruka sijui siku ngapi, umelowa, umepata mahali pa kuketi juu ya bata wanaotabasamu, umefumba jicho. Ghafla adui wa ukoo wako anakupigia kelele kwenye sikio. Alitoka pale kama risasi, na uwanja mzima ukanyanyuka pamoja naye. Bawa likanipitia karibu na pua nikasikia upepo wake. Nami nikaruka nyuma, kama ambavyo mtu yeyote angeruka.

Hatua ya kwanza ilikuwa na ardhi.

Mtaro ule haukuwa na kina cha kutisha. Ulikuwa na tope la kutosha tu kumpokea mtu kwa makalio na kumshusha mpaka kifuani bila kumwumiza, huku miguu ikibaki juu ukingoni. Turubai likanifuata likanifunika uso. Simu niliishikilia juu kwa mkono ulionyooka, na ndani ya ukimya uliofuata iliendelea kulia: kek-kek-kek-kek.

Nilipoondoa turubai usoni nilimwona mjomba amesimama hatua kumi hivi. Hakuwa anakuja. Alikuwa anaandika.

"Mjomba!" nikaita.

Akainua penseli juu, yaani subiri. Akatazama miguu yangu, akaandika kidogo tena. Ndipo akasogea mpaka ukingoni, akainama, akanichungulia kwa muda.

"Basi wale wazee wa zamani," alisema, "hawakukosea sana. Kuna kinachojizika topeni msimu huu."

Akanipa mkono. Kunitoa kulichukua vuta nikuvute tatu, na kiatu kimoja kilibaki. Naamini bado kipo. Stendi ilikuwa wima pale pale nilipoiacha, vibao vyake vimekaa sawa, kamera kavu, bata wanatabasamu. Kofia ile ni nzuri, niseme tu. Imefanya kazi yake.

Tulipokuwa tunakunja turubai, mjomba akauliza kwa upole, macho yake kwenye zipu ya begi:

"Na namba ulisoma?"

"Namba gani?"

"Ya pete. Yule mbayuwayu alikuwa na pete mguuni. Mimi kwa darubini niliona mng'ao tu, nilikuwa mbali. Nikasema si neno, mpwa wangu yuko naye pua kwa pua."

Sikujibu. Nilikuwa natafuta kitu ndani ya begi ambacho hakikuwamo.

Mjomba hana ukatili, ila akikasirika husimulia historia. Akanisimulia njia nzima, kilomita mbili, mimi na soksi moja yenye tope na kiatu kimoja. Kwamba mwaka 1899 mwalimu mmoja wa Denmark, Mortensen, alianza kuwafunga ndege pete za alumini zenye namba na anwani. Kwamba mwaka 1911 wakili mmoja wa Uingereza alimfunga pete mbayuwayu aliyekuwa na kiota kwenye baraza yake, na mwaka 1912 mbayuwayu huyohuyo akapatikana Natal, Afrika Kusini, kwa kuwa mtu aliyemshika alisoma ile pete na kuandika barua. Kwamba kabla ya hapo hakuna aliyekuwa na uhakika mbayuwayu wa Uingereza wanaishia wapi. Pete ndogo, mjomba alisema. Tarakimu chache. Mtu alisoma tu.

"Nilidhani ni tone la maji," nilisema.

"Ndiyo," alisema. "Na matone yote mengine ulidhani ni ndege."

Nyumbani nilikausha simu na kukagua mavuno. Picha 31 za pua yangu, paji la uso, na kidole gumba. Na kile kilichonaswa na kinasa sauti. Sauti ina dakika nne, na imeingia vizuri sana. Unamsikia mtu mzima anabembeleza kwa kunong'ona: "Tulia ndugu yangu. Tulia baba. Usiondoke, nakuomba, sekunde moja tu, mheshimiwa." Kisha kozi. Kisha pwata. Dada yangu ameisikiliza mara nyingi kuliko zinavyohitajika, na kofia yake hajairudisha bafuni, ameiweka sebuleni.

Jioni mjomba aliniachia daftari nilitazame. Karatasi zimelowa na kukunjamana, lakini maandishi yote yanasomeka. Ukurasa mzima wa kulia ni mchoro: stendi, lenzi, bata mmoja mmoja kwa mpangilio wao, na juu ya bata wa tatu mbayuwayu, nyuzi mbili za mkia zimeshikana, mguuni kiduara kidogo. Pembeni, kwa chini, viatu viwili vinaelekea juu. Na upande wa kushoto, chini ya keremkerem 34, kitwitwi na kozi, mstari wa mwisho wa siku:

Saa 4:20. Mbayuwayu 1, ana pete, juu ya kamera. Namba: haikusomwa. Mpwa 1, mtaroni, yu hai.